Siku ya skii Whistler, pale jua linapopanga ratiba

Kuteleza kwa skii katika majira ya machipuko ni mchezo wa theluji iliyokwisha kukaa. Ile iliyoanguka Desemba, Januari na Februari imelala, imeshindiliana kwa uzito wake yenyewe, na kuanzia mwishoni mwa Machi kazi yake ni kuyeyuka mchana na kuganda tena usiku. Mtelezaji wa majira ya baridi huuliza zimeanguka sentimita ngapi usiku wa jana. Wa machipuko huuliza mambo mengine: je, anga lilikuwa wazi usiku, na mteremko anaoutaka unapigwa na jua saa ngapi? Anayejua majibu hupata siku tamu kuliko zote za mwaka. Asiyejua hupanda mapema mno akakuta barafu inayogonga meno, au huchelewa akazama vifundoni kwenye tope la theluji, kisha hurudi mjini akitangaza kwamba msimu umekwisha.

Jambo hili huonekana kwa ukubwa wake Whistler Blackcomb, katika jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada. Mahali penyewe ni kilomita kama 120 kaskazini mwa Vancouver, kwa barabara inayoambaa maji ya Howe Sound kabla ya kupanda milimani. Ni milima miwili, Whistler na Blackcomb, inayotazamana juu ya bonde la kijito cha Fitzsimmons. Kwa pamoja ina njia zaidi ya 200 zilizowekewa alama, katika eneo la hekta 3,307. Mji ulio chini uko mita 675 kutoka usawa wa bahari, na lifti ya juu kabisa upande wa Blackcomb humfikisha mtu mita 2,284. Tofauti hiyo ya mita 1,609 ndiyo inayoifanya siku ya machipuko iwe jinsi ilivyo. Hewa hupoteza wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo siku ambayo watu wa mjini wamevaa fulana kwa nyuzi 12, juu kunaweza kuwa na nyuzi mbili tu. Mwezi Aprili ni kawaida mtu kuanza safari katika manyunyu ya mvua, akapita katikati ya theluji nyevu, na kushukia kwenye baridi kamili.

Kwa aliyezoea vipimo vya Kilimanjaro, kimo hicho si cha kutisha. Kilele cha Blackcomb, mita 2,436, kiko chini kuliko kituo cha Mandara, ambako wapandaji wa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza wakiwa bado ndani ya msitu. Ugonjwa wa kimo ni nadra Whistler. Kinacholeta theluji huko ni latitudo na bahari: mahali hapo pako nyuzi 50 kaskazini mwa ikweta, na dhoruba za Pasifiki hufika zimejaa unyevu, zikagonga safu ya milima ya Pwani na kumwaga juu yake wastani wa mita 11 za theluji kwa msimu. Ni theluji nzito yenye maji mengi, ambayo wapenzi wa theluji kavu ya Utah na Colorado huidharau. Uzito huo lakini ndio akiba ya machipuko. Theluji hiyo huchelewa kuisha, na katikati ya Aprili sehemu za juu bado hulaliwa na mita mbili, tatu, pengine zaidi.

Mlima wa Whistler ulikuwa ukiitwa London Mountain hadi 1965, ulipopewa jina la sasa kutokana na mluzi wa marmoti, mnyama wa jamii ya kindi anayeishi kwenye miamba ya juu. Kituo chenyewe kilizaliwa na tamaa ya Olimpiki. Wafanyabiashara wa Vancouver wakiongozwa na Franz Wilhelmsen, mzaliwa wa Norwei, walitaka michezo ya majira ya baridi ya 1968. Michezo ikaenda Grenoble, Ufaransa, lakini lifti zikajengwa, na mlima ukafunguliwa kwa umma mwanzoni mwa 1966. Blackcomb ulifuata Desemba 1980 ukiwa mshindani chini ya mmiliki mwingine, na kati ya milima hiyo ukajengwa mji wa wageni mahali palipokuwa jaa la taka. Ushindani ulikwisha 1997 milima yote miwili ilipoingia mikononi mwa kampuni moja, na 2016 Vail Resorts ya Marekani ikainunua kwa dola bilioni 1.4 za Kanada.

Olimpiki ilifika hatimaye 2010, ikaja na somo la theluji ya joto. Mbio za wanaume za kushuka kwa kasi ziliahirishwa kwa siku mbili kwa sababu ya mvua na theluji iliyolainika, na hiyo ilikuwa Februari, mwezi ambao kwa kawaida ni wa baridi kali. Katika mbio za slalomu alikuwamo Kwame Nkrumah-Acheampong wa Ghana, aliyejifunza kuteleza kwenye ukumbi wa ndani huko Milton Keynes, Uingereza, akiwa mfanyakazi wa mapokezi. Zaidi ya nusu ya walioanza mbio hizo hawakufika mwisho. Yeye alifika.

Siku ya machipuko huanza usiku unaotangulia, jua linapozama. Theluji hutoa joto lake kuelekea angani kwa mnururisho usioonekana kwa macho, na kama anga ni wazi joto hilo hupotea moja kwa moja. Ndiyo maana uso wa theluji unaweza kuganda hata pale kipimajoto cha hewa kinaposoma nyuzi moja au mbili juu ya sifuri. Mawingu yakitanda, hesabu hubadilika: hurudisha sehemu kubwa ya joto chini, uso haugandi vizuri, na kesho yake mlima huamka umelegea. Wenyeji hutoka nje usiku kutazama nyota kabla ya kutega saa. Utabiri wa hali ya hewa nao husomwa kwa jicho la pekee, kwa kuwa tarakimu inayotafutwa kwanza ni kimo ambapo joto hufika sifuri. Kikiwa mita 1,200, zaidi ya nusu ya mlima itaganda. Kikiwa mita 3,000 na kuna mawingu, hakuna kitakachoganda popote.

Kuganda na kuyeyuka huko kukirudiwa kwa siku kadhaa hubadilisha umbo la theluji yenyewe. Fuwele zenye matawi zilizoanguka wakati wa baridi hupoteza ncha zake. Chembe ndogo huyeyuka kwanza, maji yake hugandia kwenye chembe kubwa, na baada ya muda tabaka la juu huwa mkusanyiko wa chembe za mviringo zenye ukubwa kama wa punje za mtama. Usiku chembe hizo hushikamana kwa gundi ya barafu na kuwa gamba gumu linaloweza kubeba mtu. Asubuhi jua likiligusa, gundi hulegea kwanza juu, sentimita mbili au tatu tu, huku chini kukiwa bado kugumu. Hapo ndipo skii huteleza bila kelele, makali yake hushika bila kuuma, na hata mtu wa kiwango cha kati hujiona bingwa. Hali hiyo hudumu saa moja au mbili kwenye mteremko mmoja. Baadaye joto huingia ndani zaidi, gundi yote huachia, na kilichokuwa zulia hugeuka rojo.

Wakati watu wamelala, mashine huwa kazini. Matrekta ya theluji yenye minyororo mipana hupanda na kushuka yakivunja matuta yaliyochimbwa na skii za mchana, yakiisaga theluji na kuiacha na mistari midogo iliyonyooka. Kwenye miteremko mikali trekta hufungwa kebo ya chuma kwenye nguzo ya juu ili lisiporomoke. Majira ya baridi kazi hii ina uhuru wa saa. Wakati wa machipuko ina dirisha jembamba. Trekta likipita theluji ikiwa bado imelowa sana, huacha matope yanayoganda kuwa mabonge. Likichelewa hadi gamba limekomaa, husaga vipande vya barafu ambavyo watelezaji wa asubuhi watavilaani. Dereva mzuri husubiri theluji ianze kushika, akapita mara moja, na kuiacha ipumzike hadi alfajiri.

Kwenye viwanja vya kuruka na njia za mbio kuna mbinu nyingine, ya chumvi. Inashangaza kwa anayejua chumvi kama kitu cha kuyeyushia barafu barabarani. Chumvi ikinyunyizwa kwenye theluji nyevu huyeyusha chembe za juu, lakini kuyeyuka kunahitaji joto, tena jingi: kilojuli 334 kwa kila kilo moja ya barafu. Joto hilo hunyonywa kutoka kwenye theluji ya jirani, nayo hupoa na kuganda kwa nguvu. Kwa saa chache uso huwa mgumu wa kutosha kwa mkimbiaji. Gharama yake ni kwamba theluji huliwa haraka zaidi, na chumvi isipodhibitiwa huishia kwenye vijito, kwa hiyo hutumika kwa kipimo na si kila mahali.

Alfajiri ni zamu ya walinzi wa mlima. Kama kumekuwa na dhoruba, na Aprili ya Whistler haikosi dhoruba, husikika milipuko kutoka juu kabla lifti hazijafunguliwa kwa wageni. Walinzi hutupa baruti kwenye miteremko iliyobeba theluji mpya ili iporomoke bila mtu chini yake. Siku ya anga wazi isiyo na theluji mpya, kazi yao huwa zaidi ya macho: kukagua nyufa, kutazama kingo za theluji zilizochongwa na upepo na kuning’inia juu ya mabonde, na kuamua njia gani itafungwa saa ngapi. Uamuzi huo hutangazwa asubuhi lakini hubadilika kutwa nzima, na kamba yenye bendera iliyovutwa mbele ya njia si pambo. Anayeivuka hunyang’anywa pasi yake.

Lifti za kwanza hufunguliwa kama saa 2:30 asubuhi katika kipindi cha wageni wengi. Kadiri msimu unavyoelekea ukingoni ufunguzi huchelewa, kwa sababu hakuna faida ya kuwapeleka watu juu ya barafu. Gondola ya Whistler huchukua abiria kutoka mjini hadi jengo la Roundhouse, kwenye kimo cha mita zaidi ya 1,800, kwa muda wa dakika kama 25. Safari hiyo yenyewe ni maelezo ya majira: chini kabisa kuna majani mabichi na udongo uliolowa, katikati kuna mabaka ya theluji yenye sindano za misonobari, na juu weupe unaoumiza macho. Tiketi ya siku moja katika vipindi vya wageni wengi huzidi dola 200 za Kanada, bei inayowafanya wengi wanunue pasi ya msimu mzima mapema. Baada ya Pasaka umati hupungua sana. Haielezeki kwa urahisi kwa nini watu hulipa zaidi kuja Januari, wakati mawingu mazito huweza kufunika vilele kwa wiki nzima, badala ya kuja Aprili yenye mwanga wa karibu saa 14 kwa siku.

Siku njema huongozwa na dira. Mtu wa ikweta amezoea jua linalopita karibu na utosi, likigusa pande zote za mlima kwa karibu usawa. Kwenye nyuzi 50 kaskazini halipandi hivyo. Katikati ya Aprili, hata linapofika juu kabisa, jua liko nyuzi kama 50 tu kutoka upeo wa macho, upande wa kusini. Mteremko wa nyuzi 40 unaotazama kusini hupigwa karibu kikamilifu, uso kwa uso. Mteremko wa ukali uleule unaotazama kaskazini huguswa na miale inayopita kwa pembe ya nyuzi kumi tu, na huweza kubaki na theluji kavu wiki moja baada ya wa kusini kuwa rojo. Kwa hiyo mlima mmoja huwa na majira mawili kwa wakati mmoja, yakitenganishwa na ukingo ambao mtu huvuka kwa dakika moja.

Kanuni inayotokana na hapo ni rahisi kusema: anza mashariki, nenda kusini, malizia magharibi, na iweke kaskazini kama akiba. Kuitekeleza ni kazi, hasa kwa kuwa wakati huo saa za huko huwa zimesogezwa mbele kwa saa moja, na adhuhuri ya kweli Whistler huangukia saa saba na dakika kumi hivi mchana. Anayedhani saa sita ndiyo kilele cha joto hukosea kwa zaidi ya saa nzima, maana theluji nayo huchelewa kulipokea joto. Upande wa Blackcomb, eneo liitwalo 7th Heaven hutazama kusini na lina sifa ya chembe nzuri kuliko zote kituoni. Wenyeji hulifikia kati ya saa nne na saa sita mchana. Kabla ya hapo hujipasha moto kwenye njia zilizosawazishwa na matrekta, ambako hata theluji ngumu ina mistari ya kushika.

Kuhama mlima mmoja hadi mwingine hapo zamani kulimaanisha kushuka hadi bondeni na kupanda upya, jambo ambalo wakati wa machipuko lilimaanisha kupita kwenye theluji mbovu kuliko zote. Peak 2 Peak, gondola iliyofunguliwa Desemba 2008, iliondoa adha hiyo. Ina urefu wa kilomita 4.4, na kwa kilomita 3.03 za katikati hakuna nguzo hata moja. Vyumba 28 vinaning’inia kwenye kebo, vikifikia mita 436 juu ya kijito cha Fitzsimmons. Safari ni ya dakika 11. Rekodi yake ya umbali bila nguzo ilivunjwa 2017 na kebo ya Zugspitze, Ujerumani. Kwa mtelezaji wa Aprili rekodi haina maana kubwa. Kilicho na maana ni kwamba anaweza kuondoka kwenye kivuli cha Whistler na kulifuata jua la Blackcomb bila kupoteza nusu ya asubuhi.

Vifaa navyo hubadilika. Skii hupakwa nta kwa sababu haitelezi juu ya theluji yenyewe. Huteleza juu ya utando mwembamba wa maji unaozalishwa na msuguano. Majira ya baridi tatizo ni maji kuwa machache. Wakati wa machipuko huwa mengi kupita kiasi, na chini ya skii bapa hufyonza, zikasita ghafla huku mwili ukiendelea mbele. Dawa yake ni nta ya joto, laini, pamoja na mikwaruzo midogo inayochorwa kwenye tumbo la skii ili maji yapate pa kupitia. Nta zenye florini zilikuwa bora kuliko zote kwa theluji ya maji, lakini kemikali zake haziozi na hukaa kwenye mazingira na mwilini, na shirikisho la kimataifa la skii limezipiga marufuku katika mashindano yake tangu msimu wa 2023/24. Skii pana, zilizobuniwa kwa theluji laini ya Januari, hufaa pia kwa rojo la mchana.

Mavazi ni tabaka jembamba juu ya jembamba, ili kila saa ipungue moja. Wapo wanaokuja na suti za rangi kali za miaka ya 1980 au mashati ya maua, na hakuna anayewacheka. Lakini chembe za theluji zilizoganda huchubua ngozi kama msasa, na anayeanguka akiwa na mikono wazi hujuta kwa wiki nzima. Jua ni hatari kuliko baridi. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000, na theluji safi huirudisha kwa kiasi kinachofikia asilimia 80, kwa hiyo mtu huungua chini ya kidevu, ndani ya pua na hata kwenye kaakaa akipumua kwa mdomo. Losheni hupakwa mara mbili tatu kwa siku. Miwani isiyozuia mionzi huleta upofu wa theluji, maumivu ya macho yanayoanza saa kadhaa baadaye, kana kwamba yamejaa mchanga.

Saa saba hadi saa nane mchana miteremko hupungukiwa na watu, kwa sababu wengi wako nje kwenye baraza za mikahawa ya Roundhouse na Rendezvous, buti zimefunguliwa vifungo, wanakula supu, baga na chipsi au vyakula vya Kijapani, na kunywa bia. Ni kipindi cha uvivu wa makusudi. Wanaoendelea kuteleza huelekea kwenye sehemu za juu zinazotazama kaskazini, ambako theluji bado ni kavu.

Mchana wa machipuko una hatari zake. Maji ya juu hupenya chini, tabaka lote la theluji hufika nyuzi sifuri, na mshikamano hupotea. Ishara ya kwanza ni mabonge yanayojiviringisha yenyewe kutoka kwenye miamba iliyopashwa na jua. Kisha huja maporomoko ya theluji nyevu, yanayoanzia kwenye nukta moja na kupanuka yakishuka. Hayaendi kasi kama ya theluji kavu, lakini ni mazito sana, na yakisimama hushikana papo hapo kuwa kitu kigumu cha kuchimbwa kwa sepetu. Kingo zinazoning’inia nazo huvunjika wakati huu, na hazivunjiki pale mtu anapotarajia. Ufa hurudi nyuma mita kadhaa hadi mahali palipoonekana kuwa ni mlima mgumu. Ndani ya mipaka ya kituo walinzi hufunga maeneo hayo mapema. Nje ya mipaka kila mtu hujitegemea, na wenye uzoefu huwa wamekwisha kushuka kabla ya adhuhuri.

Kwa mtelezaji wa kawaida hatari kubwa zaidi ni goti. Rojo la mchana hukusanyika kuwa matuta, skii moja hukwama huku nyingine ikikimbia, na miguu imechoka tangu saa tano. Walimu hushauri uzito ugawanywe sawa kwenye skii zote mbili, mizunguko iwe mipana, na mwendo usipunguzwe sana, kwa kuwa rojo huadhibu anayesitasita. Hata hivyo watoto hulifurahia kuliko theluji nyingine yoyote. Halitishi, halitelezi mno, na kuanguka ndani yake hakuumizi.

Kama saa tisa hadi saa kumi alasiri lifti za juu husimama, na linakuja suala la kushuka. Njia ndefu kuliko zote kituoni, ya kilomita 11, huanzia kilele cha Whistler hadi mtaa wa Creekside, lakini kufikia katikati ya Aprili mara nyingi sehemu yake ya chini ni nyasi na matope. Watu hupanda gondola kurudi mjini wakiwa wamekaa, na hakuna aibu ndani yake. Ndipo huonekana dubu. Dubu weusi wa bondeni hutoka usingizini mwezi Aprili wakiwa na njaa, na chakula chao cha kwanza ni majani machanga. Njia za skii zilizofyekwa msituni hupata jua mapema na kuota nyasi kabla ya mahali pengine, kwa hiyo dubu hulisha hapo hapo, chini ya kebo, bila kujali vyumba vinavyopita juu yao. Ni miongoni mwa faida ambazo wafyekaji wa njia hizo hawakuzipanga.

Mji wenyewe umejengwa bila magari katikati yake, na jioni za machipuko watu hukaa nje hadi jua lizame, saa mbili usiku ikiwa imefika. Wakazi wa kudumu ni kama 14,000. Wanaozidi idadi hiyo ni wageni na vibarua wa msimu, wengi wao vijana kutoka Australia na Uingereza, wanaoishi watatu wanne chumba kimoja kwa sababu kodi za nyumba hazishikiki. Kwao Aprili ni mwezi wa kuaga. Tamasha la skii na snobodi, lililoanzishwa 1996, huangukia mwezi huo na kuleta muziki, filamu na mashindano. Vituo vingi vya Kanada hufunga msimu kwa kuchimba bwawa la maji ya theluji chini ya mteremko na kuwaacha watu wajaribu kulivuka kwa skii. Wengi huzama, na umati huja kwa ajili ya hao. Lililo maarufu zaidi ni la Sunshine Village, karibu na Banff, mwezi Mei.

Whistler na Blackcomb haifungwi siku moja. Kwa kawaida mlima mmoja hufungwa katikati ya Aprili na mwingine huendelea hadi karibu na mwisho wa Mei. Zamani skii iliendelea hata wakati wa kiangazi juu ya barafuto ya Horstman, barafu ya kudumu iliyo upande wa Blackcomb, ambako timu za mbio na vijana wa kambi walifanya mazoezi mwezi Julai. Barafuto hiyo imepungua kiasi kwamba lifti iliyokuwa juu yake iliondolewa. Maji yanayotokana na theluji ya kila mwaka huteremka kwa kijito cha Fitzsimmons, yakazungusha mtambo mdogo wa umeme uliojengwa bondeni, yakaingia Green Lake na hatimaye mto Fraser. Katikati ya Mei njia za chini za Whistler hufunguliwa kwa baiskeli za milimani, kwa lifti zilezile zilizobadilishiwa viti na vishikio. Kwa wiki moja au mbili mwenye miguu ya kutosha huteleza Blackcomb asubuhi, theluji ikiwa bado imeshika, na alasiri hushuka Whistler kwa baiskeli kwenye vumbi.